Sufuri, karatasi na skrini: vifaa vilivyobeba kasino za hisani

Ukiingia kwenye baa za Fargo, North Dakota, kuna kitu kitakushangaza kama umetoka jimbo jingine. Kwenye kona, karibu na njia ya kwenda chooni, pana meza ya nusu duara yenye kitambaa cha kijani. Nyuma yake amesimama mgawa karata, na mbele yake watu wanne watano wanacheza ishirini na moja kwa pesa za kweli. Pesa wanazopoteza haziendi kwa mwenye baa, yeye analipwa kodi ya ile kona tu. Zinakwenda kwa timu ya hoki ya watoto, kwa makumbusho, kwa chama cha askari wastaafu. Kwa kifupi, kona ile ni tawi la shirika la hisani.

Naanzia Fargo kwa sababu mji ule una watu wetu. Kwa miaka mingi umepokea wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na Kiswahili unakisikia dukani na kwenye vituo vya basi. Watoto waliokulia pale wanaona kasino ya hisani kama sisi wengine tunavyoona harambee: kitu cha kawaida tu cha kuchangisha. Ndiyo maana kila tukizungumza kwenye kipindi kuhusu michango ya jumuiya, swali halikosi: kwani na sisi tusifanye usiku wa kasino? Mjadala kwa kawaida unaishia kwenye halali na haramu, na wenye haki ya kuuishia hapo waache wauishie hapo. Lakini kuna swali la pili ambalo watu hulirukia haraka mno: vifaa gani? Gurudumu, karata, bingo, mashine? Kampuni za kukodisha zina orodha ndefu na zote zinaahidi kwamba kifaa chao ndicho kitakachojaza mfuko.

Swali hilo lina historia, na historia yake ina majibu ambayo hayamo kwenye zile orodha.

Ndugu wawili na sufuri moja

Ruleti ilipata umbo lake Paris mwishoni mwa karne ya 18. Gurudumu la wakati ule lilikuwa na namba 1 hadi 36, pamoja na sufuri mbili. Hebu tupige hesabu taratibu, maana kila kitu kinachofuata kinatoka hapa. Mashimo ni 38. Ukiweka shilingi moja kwenye kila shimo, umetoa 38. Shimo moja litashinda, utalipwa 35 na kurudishiwa ile moja yako, jumla 36. Mbili zimebaki mezani. Mbili kwa 38 ni asilimia 5.26. Hilo ndilo fungu la meza: sehemu ya kila dau ambayo, siku zikiwa nyingi, itabaki kwa mwenye gurudumu hata awe mwaminifu kama nani. Hakuna wizi hapo, ni ufundi wa seremala na malipo yaliyopungua kidogo.

Mwaka 1843, ndugu wawili Wafaransa, François na Louis Blanc, waliokuwa wakiendesha kasino Bad Homburg, Ujerumani, walifanya kitu ambacho kwa akili ya haraka ni upuuzi. Waliondoa sufuri moja. Mashimo yakawa 37, malipo yakabaki yale yale, fungu la meza likashuka hadi asilimia 2.70. Yaani walikata mapato yao ya kila dau karibu nusu kwa hiari yao. Lakini mchezaji aliyekuwa anachagua kati ya mji huu na ule alijua kuhesabu, akaenda kwenye sufuri moja. Pesa zake zikachelewa kuisha, naye akakaa zaidi na kucheza zaidi. Baadaye, mwaka 1863, François Blanc alichukua kasino ya Monte Carlo, na sote tunajua kilichotokea kwa mji ule. Marekani, kwa upande mwingine, ilibaki na sufuri mbili, na mpaka leo gurudumu la sufuri mbili linaitwa la Kimarekani.

Watu wanaouza vifaa wanapenda kusimulia kinyume chake. Watakuonyesha lile gurudumu kubwa la kusimama, lenye vipande 54 na kigingi kinachogonga tak-tak-tak linapozunguka. Kwa sauti na taa zake, hakuna kinachovuta watu kama hilo. Kwenye gurudumu la kawaida la aina hiyo, alama ya dola moja ipo mara 24, na ikitoka unalipwa moja kwa moja. Kwa hiyo unashinda mara 24 na kupoteza mara 30 katika kila 54: fungu la meza ni asilimia 11.1. Alama adimu kabisa, ile iliyopo mara moja tu na kulipa 40, inakula asilimia 24. Kwenye karatasi, hii ni mashine ya kuchapa noti.

Sasa tuwe waaminifu. Kwa usiku mmoja tu, karatasi haidanganyi sana. Tuseme gurudumu linazunguka mara 40 kwa saa na mtu anaweka dola moja kila mara. Kwenye ruleti ya sufuri moja, kwa wastani atakuachia kama dola moja na senti nane kwa saa. Kwenye ile alama adimu ya gurudumu kubwa atakuachia zaidi ya dola tisa na nusu. Mtu akisoma hapo anasema, basi Blanc alikosea? Hapana. Blanc alikuwa na wateja wa msimu mzima, waliorudi kesho na kesho kutwa. Wewe una wateja wa saa nne, lakini hao hao ndio utawaomba tena mwakani, na mwaka unaofuata, na katikati utawaomba mchango wa msiba. Aliyemaliza dola zake 20 kabla sambusa hazijapoa hakumbuki kwamba alichangia kisima. Anakumbuka kwamba aliliwa.

Kuna jambo jingine kuhusu magurudumu. Katika karne ya 19 Mwingereza mmoja aliyetoka kwenye viwanda vya nguo vya Yorkshire, Joseph Jagger, aliajiri watu wa kuandika namba zinazotoka Monte Carlo, akagundua kwamba gurudumu moja lilikuwa na upendeleo kwa namba fulani. Alijua mashine, alijua kwamba hakuna ekseli iliyonyooka kabisa. Akacheza namba hizo na kuondoka na utajiri. Gurudumu la kukodi ambalo limebebwa kwenye gari kila wikiendi kwa miaka kumi, likawekwa juu ya meza ya ukumbi wa kanisa yenye mguu mmoja mfupi, ni ndugu wa gurudumu lile. Fundi yeyote ana pimamaji, mwazime.

Padri, muuza midoli na kadi elfu sita

Hadithi ya bingo inasimuliwa hivi. Mwaka 1929 Edwin Lowe, muuza midoli wa New York, aliona kwenye tamasha la mtaani huko Georgia watu wamejazana kwenye meza moja wakicheza na maharage. Mwitaji anataja namba, watu wanaweka punje ya harage kwenye kadi, na mchezo wakiuita kwa jina linalotokana na maharage hayo. Lowe akarudi nao nyumbani, akauita bingo na kuanza kuuza maboksi yenye kadi 24.

Haikupita muda, padri mmoja Mkatoliki wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, mji wa machimbo ya makaa, akautumia kuokoa hesabu za parokia yake. Na hapo kifaa kikamgeuka. Kadi zilikuwa chache mno kwa watu waliojaa ukumbini, kwa hiyo watu kadhaa walikuwa na kadi zinazofanana, na kila mchezo ukawa na washindi wengi kwa mpigo. Ukumbi umejaa, watu wanafurahi, na parokia inatoa zawadi kuliko inavyoingiza. Fikiria hilo kidogo: ukumbi ukijaa, hasara inaongezeka.

Lowe akamwendea mtaalamu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, Carl Leffler, akamwomba atengeneze kadi 6,000 zisizofanana. Zilipopatikana, bingo ikaweza kubeba maelfu ya watu na bado kutoa mshindi mmoja au wawili. Kuanzia hapo ikaenea kwenye makanisa ya Marekani kama moto wa nyika.

Mimi huipenda hadithi hii kuliko ile ya Monte Carlo, kwa sababu tatizo la padri halikuwa bahati wala waumini wake. Lilikuwa kwenye boksi la kadi. Hakuhitaji kuongeza bei wala kupunguza zawadi. Alihitaji karatasi nyingi zaidi, zilizopangwa vizuri.

Kwa nini meza ya ishirini na moja hailipi kama unavyodhani

Turudi North Dakota. Mwaka 1976 wapiga kura walibadilisha katiba ya jimbo ili kuruhusu michezo ya kubahatisha kwa ajili ya hisani tu, na sheria ikafuata mwaka uliofuata. Ishirini na moja iliongezwa mwaka 1981. Ndiyo maana zile meza zipo kwenye baa. Lakini wabunge waliogopa kuzaliwa kwa Las Vegas ya mashambani, wakaweka ukomo wa dau wa dola chache tu.

Sasa piga hesabu kama mweka hazina. Mchezo huu ulishachambuliwa: mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani, wakiongozwa na Roger Baldwin, walichapisha kanuni bora ya kucheza waliyoipata kwa mashine za kawaida za kujumlisha, na mwaka 1962 mwanahisabati Edward Thorp akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba anayekumbuka karata zilizotoka anaweza hata kuishinda meza. Kwa anayefuata kanuni, fungu la meza halifiki hata asilimia moja. Mtu wa kawaida anayecheza kwa hisia hupoteza zaidi, tuseme asilimia 2. Weka watu watano mezani, mikono 60 kwa saa, dau la dola 2. Jumla ya madau ni dola 600 kwa saa. Asilimia 2 ya hizo ni dola 12. Mlipe mgawa karata, mlipe mwenye baa kodi ya kona, nunua karata mpya zile zilizochafuka bia. Watoto wa hoki wanapata nini?

Hii ndiyo sababu sheria inayopandisha ukomo wa dau, au meza inayogawa haraka, huwa na uzito kuliko uzuri wa kitambaa. Sanduku lenye pakiti sita za karata linapunguza muda wa kuchanganya na kumsumbua mwenye kuhesabu karata. Kuna mbinu nyingine ya siku hizi, ya kulipa sita kwa tano badala ya tatu kwa mbili mtu anapopata ishirini na moja kwa karata mbili za kwanza. Inaongeza fungu la meza kwa kama asilimia 1.4 na wengi hawaioni. Ni mbinu ya kisirisiri, na kwa maoni yangu jumuiya inayoitumia dhidi ya shangazi zake ina matatizo makubwa kuliko mfuko mtupu.

Tiketi za kubandua

Kilichobeba mzigo hasa, North Dakota na jirani yake Minnesota, kilikuwa kitu kidogo kisicho na taa wala kitambaa. Ni tiketi ya kadibodi yenye vidirisha vya kubandua, na nyuma yake alama. Aliyewahi kukwangua vocha ya simu anaelewa mara moja. Unanunua kwa dola moja au mbili kaunta, unabandua, unatupa, unanunua nyingine. Asubuhi sakafu imejaa makaratasi.

Ufundi wake uko kwenye boksi. Ruleti haina mwisho: inaweza kukupa usiku mbaya, na chama kidogo chenye akiba ndogo kinaweza kufilisika kwa bahati ya mlevi mmoja. Boksi la tiketi lina mwisho. Idadi yake inajulikana, na washindi wote wameshachapishwa humo ndani kabla halijafunguliwa. Sheria ya Minnesota inasema zawadi za boksi la karatasi zisizidi asilimia 85 ya thamani yake. Kwa hiyo boksi la tiketi 2,000 za dola moja litatoa zawadi za dola 1,700 hivi na kubakiza 300, kabla ya kodi na gharama ya boksi lenyewe. Ukiliuza lote, 300 ni 300. Bahati haina nafasi upande wako.

Udhaifu wake ni kwamba wachezaji nao wanajua. Pembeni ya kaunta hutundikwa bango la zawadi kubwa, na kila moja ikitoka inawekewa alama. Zikishatoka zote kubwa, tiketi zilizobaki zinakuwa mzigo; hakuna anayetaka kununua boksi lililokufa. Wauzaji wazoefu walijua kuchagua maboksi madogo yenye zawadi za kati nyingi, badala ya boksi kubwa lenye zawadi moja ya kutisha. Huo ndio uchaguzi wa vifaa kwa maana yake halisi, na sijaona kampuni ya kukodisha magurudumu ikiutaja.

Skrini ilipoingia

Mwaka 2012 Minnesota iliruhusu tiketi hizo hizo kwenye tableti. Lengo halikufichwa: jimbo lilihitaji kulipia fungu lake la dola milioni 348 kwenye uwanja mpya wa timu ya Vikings, na kodi ya michezo ya hisani ndiyo iliyotajwa kuwa chanzo. Mwanzoni mambo yalikuwa aibu. Makadirio yalikuwa makubwa mno, watu hawakuzoea, na mwaka 2013 wabunge walilazimika kutafuta pesa kwenye kodi ya sigara. Kisha watu wakazoea. Mwaka 2023 jimbo lilimaliza deni la uwanja miaka mingi kabla ya wakati wake.

North Dakota ilifuata: sheria mwaka 2017, mashine za kwanza mwaka 2018, zisizidi kumi kwa kila mahali. Ndani ya miaka michache tu watu walikuwa wanaweka kwenye mashine hizo zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka, katika jimbo lenye watu wasiofika laki nane. Mashine haichoki, haiombi likizo, haikosei kuhesabu. Haihitaji kaunta wala mtu wa kufagia makaratasi. Na ina kasi. Tiketi ya karatasi unaibandua kwa kucha, unaiangalia, unaiweka chini. Ya skrini inazunguka na kuimba, nawe umeshabonyeza nyingine.

Kama swali ni "kifaa gani kinaongeza mapato", historia imejibu waziwazi: hiki. Hakuna kinachokaribia. Lakini pesa hizo hazikudondoka kutoka mbinguni. Vyama vilianza kugombania maeneo ya kuweka mashine, na mashine zikatoka kwenye baa na kuonekana kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vyakula, mpaka wabunge wakalazimika kukaa mwaka 2023 na kufafanua kwenye sheria baa ni kitu gani hasa. Nadhani ukifika mahali bunge linafafanua baa, kuna kitu kimeshatoka kwenye reli.

Na walioumia wengine ni wale ambao hisani ilipaswa kuwajali kwanza. Makabila ya wenyeji wa asili wa North Dakota yana kasino zao kwenye ardhi zao, kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya mwaka 1988, na mapato yake ndiyo yanayolipia huduma za watu wao. Mwaka 2022, walipokuwa wakijadili upya mikataba yao na jimbo, viongozi wa makabila walilalamika kwamba mashine hizi za hisani zimewanyang'anya wateja. Hisani ya jumuiya moja ikawa pengo kwenye bajeti ya jumuiya nyingine. Sisi wenyewe ni wageni kwenye ardhi ile ile, hatuwezi kujifanya hatukusikia.

Minnesota nayo imeanza kurudi nyuma kidogo. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 imeondoa, kuanzia Januari 2025, uwezo wa kubandua vidirisha vyote kwa mguso mmoja. Sasa unabandua safu moja baada ya nyingine, kama kwenye karatasi. Baadhi ya vyama vya hisani vilipinga, vikisema mapato yatashuka. Tazama kilichokuwa kinagombaniwa: sekunde chache za kidole.

Uingereza, ambako meza haili pesa

Kwa wenzetu wa Leicester, Birmingham na London, karibu hesabu zote hizi hazina maana, na ni vizuri kujua kwa nini kabla hamjalipa kodi ya gurudumu.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1960 ilikusudiwa kulegeza kamba kwa watu wadogo, wakiwemo wale wa karata za kanisani. Ilidai kwamba nafasi za wachezaji wote ziwe sawa. Na sufuri je? Sufuri inampendelea mwenye meza. Kesi juu ya sufuri zilifika mpaka House of Lords, huku kasino zikichipuka kila mtaa kwa kutumia mianya ya sheria, mpaka sheria ya mwaka 1968 ikafunga mlango. Leo, chini ya sheria ya mwaka 2005, usiku wa kasino wa hisani kwa kawaida unaendeshwa kwa pesa za kuigiza. Mgeni analipa mlangoni, anapewa noti za mchezo, na mwisho mwenye nyingi anapata zawadi iliyotangazwa mapema, ambayo haitegemei idadi ya watu wala kiasi kilicholipwa. Kuna njia nyingine, ya michezo yenye nafasi sawa isiyo na benki, kama mashindano ya poka au bingo. Humo mtu asilipe zaidi ya pauni 8 kwa siku, na zawadi zote kwa jumla zisizidi pauni 600.

Kwenye pesa za kuigiza, fungu la meza ni sifuri ya sifuri. Mtu akipoteza noti zake zote, mfuko wako haujapata hata senti, na akishinda milioni hujapoteza kitu. Mapato yako ni tiketi za mlangoni na noti za nyongeza. Kwa hiyo kifaa bora ni kile kinachokalisha watu wengi kwa muda mrefu kwa gharama ndogo. Gurudumu kubwa lenye taa na fungu la asilimia 24 linawamaliza watu mapema wakabaki wamesimama na sahani. Ruleti inachukua watu kumi bila shida. Meza ya ishirini na moja inachukua saba, na kila mtu anaijua. Hapa sufuri moja ni bora kuliko mbili kwa sababu ya usiku wenyewe tu.

Alberta, Kanada, ni dunia nyingine tena. Huko chama hakikodi chochote. Kinasubiri zamu yake, kisha wanachama wanajitolea siku mbili kwenye kasino yenye leseni, wakihesabu pesa na kukaa kaunta mpaka alfajiri, na baadaye wanapata mgao wa mfuko wa pamoja. Kwenye mashine za sarafu, fungu la hisani limekuwa asilimia 15. Jumuiya za Waafrika Edmonton na Calgary hujaza zamu hizo kama nyingine zote. Kifaa chao ni orodha ya majina ya watu watakaokubali kukesha, na aliyewahi kutafuta watu wa kukesha anajua ugumu wake.

Mfuko wa msiba

Chama kimoja ninachokifahamu, cha watu wetu, kilikuwa na tatizo ambalo nyote mnalijua. Mfuko wa msiba ulikuwa umekauka. Vifo vitatu kwa mwaka mmoja, na kusafirisha mwili hadi nyumbani si bei ya kuongelea kwa sauti. Vijana wakaleta wazo la usiku wa kasino. Wazee wawili wakatoka nje ya kikao. Waliobaki wakaanza kuvutana juu ya vifaa, na kijana mmoja aliyesoma biashara akaonyesha kwenye simu yake kwamba pesa za kweli na gurudumu kubwa zingeleta mara nne.

Mama mweka hazina, ambaye kwa miaka ndiye anayepita nyumba kwa nyumba na daftari, aliuliza swali moja. "Hizo mara nne, mwanangu, zitatoka mfuko wa nani?" Akaendelea kumwambia kwamba yeye anajua nani anatuma pesa nyumbani kila mwezi, nani anafanya kazi mbili, na nani mume wake alishapoteza kodi ya nyumba kwenye simu. Wote hao watakuja, kwa sababu wakiitwa kwa jina la msiba watu wetu huja. Kijana alisema, "Shikamoo mama," kwa namna ile ya kukubali kushindwa, na watu wakacheka.

Walichoamua ni hiki. Pesa zote zilipwe mlangoni, pamoja na chakula. Mezani zichezwe noti za kuigiza tu, na asiuziwe mtu nyongeza zaidi ya mara moja. Katikati ya usiku kuwe na mnada wa vitu vilivyotolewa na wanachama, kwenye chumba cha pili, ambako wasiotaka hata kuona karata wakae na watoto na chai. Mmoja wa wale wazee wawili alirudi kwa ajili ya mnada, wa pili hakuja, na hakuna aliyemlaumu. Kwa ukumbi wa watu 80 walikodi ruleti mbili za sufuri moja na meza nne za ishirini na moja, na wagawa karata walikuwa vijana wenyewe, waliojifunza kwa wiki mbili jikoni kwa mtu. Meza ya dadu waliiacha. Inapendeza, na dau lake la msingi lina fungu dogo, asilimia 1.41, lakini inataka watu wanne wa kuiendesha, na nusu ya wageni wangehitaji kuelezwa sheria zake mpaka usiku uishe.